Usimfukuze Mlinzi, Mpe Neno la Siri

Kila askari aliyewahi kushika zamu ya usiku anajua kwamba mlinzi anayemzuia mtu langoni hajakosea kazi, anaifanya. Aliyezuiwa aweza kuwa afande mwenyewe, arudiye kambini amechoka na mvua imemlowesha. Lakini asipotaja neno la siri, hapiti. Wala hakuna mkuu mwenye busara ambaye, kwa kuwa amecheleweshwa dakika mbili, ataamuru walinzi wote waondolewe na lango liachwe wazi mpaka alfajiri. Hata hivyo, watu wengi hutoa amri ya namna hiyo majumbani mwao, mbele ya kompyuta, pasipo kujua kwamba wameitoa.

Tunayotaka kuyazungumza leo ni mambo ya kompyuta mbili za nyumba moja, ambazo jana zilikuwa zikipeana mafaili bila taabu, na leo, baada ya moja kubadilishiwa mfumo wa kuiendesha, hazijuani tena. Wako watakaosema kwamba jambo hilo ni dogo na halimhusu askari. Hatukubaliani nao, na sababu zetu zitaonekana.

MTAA WENYE KUTA NYEMBAMBA

Tumeuchagua mtaa wa Namuwongo, katika Divisheni ya Makindye, jirani na eneo la viwanda la Kampala. Reli iendayo Port Bell hupita hapo, na mfereji wa Nakivubo hupeleka maji ya mji kuelekea Ziwa Victoria. Sehemu moja ya mtaa ina nyumba kubwa zenye kuta na malango. Sehemu ya bondeni, karibu na reli, ina vyumba vya kupanga vilivyobanana, vile ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo. Katika vyumba hivyo samaki akaangwaye na huyu hunukia kwa yule, na redio ya mmoja ni redio ya wote. Mawimbi ya waifai nayo ni vivyo hivyo: hayatambui ukuta, wala hayaulizi kodi ya chumba imelipwa na nani. Jambo hili msomaji alihifadhi moyoni, kwa maana hukumu yetu ya mwisho itategemea hilo.

Mabadiliko yenyewe yametokana na nini? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka 2015. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai mashine yenye vipuri vya karibuni, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa mikononi mwa watu hazitimizi masharti hayo. Mwenye mashine ya namna hiyo alijikuta katika njia panda: aendelee na mfumo ambao nyufa zake hazizibwi tena, anunue mashine nyingine, au aiwekee mashine ile ile mfumo mwingine usiolipiwa.

Wengi waliochagua njia ya tatu wameingia katika jamaa ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Tawi lake moja lijulikanalo sana ni Ubuntu, lililotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu. Ni utu, na Muganda akilisikia atakumbuka obuntubulamu, yaani ule utu mwema wa mtu kuwajali wenzake.

NYUMBA YA MFANO

Natuchukue nyumba moja ya mfano, ambayo si ya fulani, bali yaweza kuwa ya yeyote kati ya wasomaji wetu. Baba ni askari na amepangiwa kazi mbali na Kampala. Mama huandika hesabu za chama cha akiba cha wanawake wa mtaa. Binti yuko sekondari. Kompyuta ndogo ya mama inatumia Windows 11, na ndani yake mna folda iitwayo nyaraka: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mkataba wa kiwanja, risiti za ada, nakala ya barua ya baba ya kuajiriwa, pamoja na daftari la chama. Kompyuta ya mezani, iliyo kuukuu, ndiyo iliyounganishwa na printa. Na binti, baada ya kusoma na kuuliza, ameiwekea Ubuntu.

Siku chache baadaye baba anapiga simu. Anatakiwa kuwasilisha vyeti vya watoto na barua yake ya kuajiriwa kabla ya Ijumaa. Binti anafungua kompyuta ya mezani ili azichukue karatasi hizo kwenye mashine ya mama na kuzichapa. Mahali palipokuwa na jina la mashine ya mama pako patupu.

Askari hawahitaji kuelezwa uzito wa karatasi. Wale waliokwenda Somalia tangu Machi 2007 waliziacha nyumba zao mikononi mwa wake, waume na wazazi. Na familia ya askari, awe hai au ameanguka, hudai haki zake kwa karatasi. Karatasi isiyopatikana siku inapohitajika haina faida kubwa kuliko ile iliyopotea.

KIMYA SI KUKATALIWA

Kosa la kwanza la watu wengi katika hali hii ni kubonyeza kila kitu kwa pamoja. Mpelelezi hafanyi hivyo. Huanza kwa kuuliza: ni nini hasa kilichotokea? Katika mambo ya mtandao wa nyumbani majibu ni matatu, nayo yatofautishwe kwa makini.

Jibu la kwanza ni kimya. Mashine inasubiri, inasubiri, kisha inasema haikufika. Kimya maana yake ni kwamba njia imekatika, au mlinzi wa nje hajibu wageni. Jibu la pili ni kuulizwa neno la siri, kisha kuulizwa tena na tena. Hapo njia ni nzima na lango limefikiwa; kasoro iko kwenye kitambulisho. Jibu la tatu ni kuingia ndani lakini kuzuiwa kufungua faili au kuandika. Hapo hata kitambulisho kimekubaliwa. Kinachokosekana ni ruhusa. Anayejua amepata jibu lipi amekwisha kuondoa zaidi ya nusu ya kazi, maana hatahangaika na waya ilhali ugomvi ni wa neno la siri.

Tena, kila badiliko liandikwe. Kituo cha polisi hakiendeshwi bila kitabu cha matukio, na nyumba nayo yafaa iwe na daftari dogo: saa fulani tulibadili hiki, matokeo yakawa haya. Libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Na badiliko lisilosaidia lirudishwe kama lilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine.

MASWALI MATANO YA DORIA

Swali la kwanza: je, mashine zote mbili ziko katika mtandao mmoja? Kila moja ina namba ya anwani iliyopewa na rauta. Ikiwa moja ina namba 192.168.1.20 na nyingine 192.168.1.31, kwa kawaida ni majirani. Ikiwa nyingine inaanza kwa tarakimu tofauti kabisa, yumkini imeunganishwa kwenye simu ya mtu au kwenye rauta nyingine. Iko pia hila ambayo haionekani kwa namba: rauta nyingi zina mtandao wa wageni, ambao huwapa watu intaneti lakini huwazuia wasifikiane. Mashine mbili zilizoingia hapo hazitaonana kamwe, nayo rauta itakuwa haina kosa lolote.

Hapa tuondoe dhana moja inayowagharimu watu fedha. Kupitisha faili kati ya kompyuta mbili za nyumba moja hakuli bando la intaneti hata chembe. Rauta yenye umeme inatosha, hata kama muda wa malipo yake umekwisha.

Swali la pili: je, tunaita jina au tunaita namba? Orodha tupu haithibitishi kwamba mashine haipo. Zamani kompyuta zilitangaza majina yao kwa utaratibu mmoja. Windows ya siku hizi hutumia utaratibu mwingine, na programu za mafaili za Linux mara nyingi hazisikii tangazo hilo. Basi binti asingoje kutangaziwa. Aende mwenyewe mlangoni. Katika programu ya mafaili ya Ubuntu mna mahali pa kuandika anwani, naye ataandika smb://192.168.1.20/nyaraka, akiweka namba halisi ya mashine ya mama. Mara nyingi hapo ndipo shida inapokwisha. Lakini ikumbukwe kwamba umeme ukikatika na kurudi, rauta yaweza kugawa namba upya, na anwani ya jana ikawa ya simu ya jirani. Dawa yake ni kuiagiza rauta iitengee mashine ya mama namba moja ya kudumu.

Swali la tatu: je, mlinzi wa nje ameagizwa nini? Windows huuhesabu kila mtandao kuwa ama wa hadharani, ambao kwenye skrini umeandikwa "Public", au wa nyumbani, ulioandikwa "Private". Ikiwa umewekwa kuwa wa hadharani, mlinzi hulifunga lango namba 445, ambalo ndilo lipitalo mafaili, na anayebisha atapata kile kimya tulichokitaja. Mtandao ukiwa wa nyumba yenu peke yenu, uwekeni kuwa wa nyumbani. Lakini ikiwa waifai ni ya mwenye nyumba, nao wapangaji kumi wanaitumia, basi huo ni mtandao wa hadharani kweli kweli, na mlinzi ana haki ya kufunga. Mpangaji wa namna hiyo na atumie rauta yake mwenyewe kwa mashine zake, au abebe mafaili kwa flashi. Hakuna aibu katika flashi.

Swali la nne: je, neno la siri ni lile hasa linaloulizwa? Hapa wengi hukwama. Mama hufungua mashine yake kila asubuhi kwa tarakimu nne, naye humwambia binti tarakimu hizo. Mlinzi anazikataa. Sababu ni kwamba tarakimu zile ni za kufungulia mashine hiyo kwa mtu aliyekaa mbele yake, hazipiti mtandaoni. Kinachotakiwa ni jina la akaunti pamoja na nywila yake kamili. Na akaunti isiyo na nywila kabisa haipokelewi kupitia mtandao. Windows ndivyo ilivyoagizwa. Njia tunayoiona bora ni kufungua katika mashine ya mama akaunti ndogo ya pekee, yenye nywila yake, kwa kazi hii tu.

Swali la tano: je, ana ruhusa gani? Folda iliyoshirikishwa katika Windows ina kufuli mbili, moja ya mlango wa mtandao na nyingine ya faili lenyewe, na ile iliyo kali ndiyo ishindayo. Mtu aweza kufungua ya kwanza, akashangaa kuona bado amezuiwa na ya pili. Kwa mahitaji ya binti, ruhusa ya kusoma peke yake yatosha. Anayechapa cheti hahitaji uwezo wa kukifuta.

Na mambo yakiwa kinyume, yaani mashine ya Ubuntu ndiyo yenye folda na Windows ndiyo ibishayo hodi, maswali ni yale yale, ila lipo moja la kuongeza. Programu itoayo mafaili katika Linux ina orodha yake ya nywila, mbali na ile ya kuingilia kwenye mashine. Mtumiaji asipoandikishwa katika orodha hiyo kwa amri iitwayo smbpasswd, atakataliwa hata akitaja nywila anayoitumia kila siku. Zaidi ya hayo, kwa Linux herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: "Nyaraka" na "nyaraka" ni folda mbili.

LUGHA YA LANGONI

Msomaji atauliza, mifumo miwili isiyo ndugu yawezaje kusikilizana? Jibu twalijua kutokana na historia yetu wenyewe. Tangu enzi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, vijana wa makabila mengi walikutana mstarini, nao wakasikilizana kwa Kiswahili. Kompyuta nazo zina lugha yao ya langoni, iitwayo SMB, iliyotungwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baadaye ikakuzwa na Microsoft.

Wakati wa kuingia mwaka 1992, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Canberra, Australia, alitunga programu iliyoweza kuzungumza na mashine za watu wengine kwa kusikiliza yaliyokuwa yakipita katika waya na kuyachunguza. Baadaye, ilipombidi kuibadili jina, alitafuta katika kamusi neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo, akapata "samba". Angalikuwa na kamusi ya Kiswahili, pengine angaliangukia "simba". Samba ndiyo inayoiwezesha Ubuntu ya binti kuzungumza na Windows ya mama.

Lakini lugha hiyo ina lahaja za zamani na za karibuni, na ile ya kwanza kabisa imestaafishwa. Windows zilizowekwa upya tangu mwishoni mwa 2017 huja bila kuiwasha, na Samba nayo, katika toleo 4.11 la mwaka 2019, iliifunga. Ndiyo maana chombo cha zamani kijuacho lahaja hiyo tu hubisha hodi pasipo kuitikiwa.

USHAURI WA HATARI

Sasa tumefika penye hatari. Mtu aliyekwama huambiwa na marafiki wenye nia njema: zima ulinzi, washa lahaja ya kwanza, ondoa nywila, ruhusu kila mtu. Na ubaya wa ushauri huo ni kwamba mara nyingi unafaulu. Folda inafunguka, karatasi inachapwa, watu wanapongezana. Na hakuna anayekumbuka kuwarudisha walinzi.

Matokeo yake si ya kubuni. Tarehe 12 Mei 2017 programu haramu iitwayo WannaCry ilipita katika ufa wa lahaja hiyo ya kwanza. Kwa muda mfupi iliyafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. La kusikitisha zaidi ni kwamba kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Adui hakuvunja ukuta. Alipita penye lindo lisilo na mtu.

Na katika vyumba vya Namuwongo adui si lazima atoke ng'ambo. Neno la siri la waifai limekwisha kupewa mpangaji, rafiki wa mpangaji, na kijana aliyekuja kutazama mpira. Folda isiyo na nywila katika mtandao wa namna hiyo ni sawa na sanduku la vyeti lililowekwa kibarazani. Kumbukeni pia kwamba daftari la chama lina majina, namba za simu na akiba za watu wengine. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, na ile ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta. Askari aliyeapa kulinda sheria hawezi kuwa wa kwanza kuziacha siri za majirani zake wazi.

Kuhusu nyaraka za kazi, neno letu ni fupi: mahali pake ni ofisini. Hazipaswi kukaa katika folda ya nyumbani, hata yenye nywila kumi.

WAJIBU WETU

Yafaa tuongeze onyo moja kwa wote wanaokusudia kubadili mfumo. Kabla ya kugusa chochote, nakilini mafaili yote kwenye flashi au diski ya nje, mfungue machache kuhakikisha yanasomeka, kisha mkaiweke nakala hiyo mahali pengine. Folda inayoshirikiwa si akiba. Kikifutwa kitu na mmoja, kimefutwa kwa wote.

Nyumba yetu ya mfano haikuhitaji fundi wala mashine mpya. Ilihitaji binti atulie, aulize maswali matano kwa mpangilio, aitafute mashine ya mama kwa namba badala ya jina, na atumie akaunti yenye nywila yake, iliyoruhusiwa kusoma tu. Kazi hiyo, kwa mtu asiye na papara, ni ya jioni moja.

Ndugu askari, ninyi ambao kazi huwapeleka mbali na milango yenu, wafundisheni walio nyumbani utaratibu huu kabla hamjafunga mizigo ya safari. Waonyesheni folda iliko, nywila inatunzwa na nani, na nakala ya pili imewekwa wapi. Waambieni pia kwamba kompyuta inapokataa haiwatukani. Inawauliza wao ni nani. Wajibuni vizuri, nao mlinzi aachwe kwenye lindo lake.